Ukoo Ukiitana Elerai

Ndugu aliyeko Houston akisikia ukoo unaitana Elerai, Arusha, mwezi wa kumi na mbili, kinachomjia kwanza kichwani ni pesa: nakwenda kuchangishwa. Kaka yake aliyebaki nyumbani akisikia wa Houston anakuja na watoto, naye kinachomjia kwanza ni shamba: huyu amekuja kudai sehemu yake. Hakuna atakayelitamka. Wa kwanza atasema kazini wamemnyima likizo, wa pili atasema turubai zimepanda bei, tusubiri mwakani. Kama wewe ndiye uliyebebeshwa kazi ya kuwakutanisha, shughulika na hofu hizo mbili kabla hujauliza bei ya ng'ombe. Wali ukiungua watu watacheka na kula ndizi. Hofu hizi ndizo huwafanya wasije kabisa.

Dawa yake ni kusema wazi kwenye mwaliko wenyewe. Usitume ujumbe mrefu wenye "tunamshukuru Mungu" mara tatu halafu tarehe. Andika hivi, au kwa maneno yako: "Tunakutana ili watoto wetu wajuane. Siku hiyo hatutazungumzia ardhi, mirathi wala deni la mtu yeyote. Mchango wa kila kaya ni huu; asiyeuweza aje hivyo hivyo, tumeshampangia sahani." Kisha mpigie simu mzee mwenye sauti kwenye ukoo, umsomee maneno hayo, na umwombe siku ya mkutano ayarudie yeye mwenyewe mwanzoni kabisa. Yakitoka kinywani mwake, atakayetaka kulianzisha la shamba baada ya bia mbili atajua anamvunjia nani heshima.

La shamba lina siku yake. Kama kweli kuna mirathi haijafunguliwa, pangeni kikao kingine, hata kesho yake, cha watu wanaohusika tu. Kikao hicho kinahitaji muhtasari ulioandikwa vizuri na kusainiwa, kwa sababu anayekwenda Mahakama ya Mwanzo kuomba usimamizi wa mirathi huulizwa muhtasari wa kikao cha ukoo. Wanawake wa ukoo wawemo na majina yao yaandikwe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua haki yao juu ya ardhi sawa na ya wanaume, hata kama mjomba fulani bado hajaambiwa. Na hapa kuna jambo dogo ambalo waandaaji vijana hulikosea: daftari la mahudhurio. Usimpelekee bibi wa miaka 80 karatasi tupu yenye mistari ukamwambia "bibi, weka sahihi hapa". Wazee wa huku wamesikia habari nyingi za sahihi zilizokuja kubandikwa chini ya mkataba wa kuuza kiwanja. Andika kichwa cha habari kwa herufi kubwa juu ya kila ukurasa, msomee, na kama hataki, andika jina lake mwenyewe bila kumlazimisha chochote.

Kuhusu pesa, ushauri wangu ni mmoja. Mchango uhesabiwe kwa kaya, wala usiwe wa kichwa kwa kichwa, na kila kinacholetwa kiandikwe kwenye daftari moja. Dola za aliyeko Minneapolis, mbuzi wa aliyeko Kisongo, mikungu mitatu ya ndizi kutoka Nkoaranga, maziwa ya aliyeko Ngaramtoni, siku mbili za kazi za kijana aliyechimba shimo la choo: vyote viwekwe kwenye orodha hiyo hiyo, kwa thamani yake ya sokoni. Mkifanya orodha mbili, moja ya "michango" na nyingine ya "waliosaidia", mmeshagawa ukoo kabla haujakaa kitini. Pesa za simu zipokelewe na mhazini mmoja kwenye laini moja ya M-Pesa au Airtel Money, na kila Jumapili apige picha ukurasa wa daftari aurushe kwenye kundi la WhatsApp. Makato ya kutolea nayo yaandikwe. Yasipoandikwa, ndiyo yatakayoitwa wizi.

Kuwatafuta waliopotea

Ndugu zako hawakutawanyika kwa bahati mbaya, na ukijua walivyotawanyika utajua pa kuulizia. Ukoo wa Kimeru uliokuwa Engare Nanyuki unaweza kuwa uligawanyika mwaka 1951, serikali ya kikoloni ilipowatoa watu wapatao 3,000 kwenye ardhi yao ili kuwapisha walowezi. Wengine walitakiwa kwenda King'ori, wengi wakajibanza kwa ndugu huku na kule, na mwenzao Kirilo Japhet akapelekwa Umoja wa Mataifa mwaka uliofuata kuwasemea. Waarusha, Mlima Meru ulipowabana, walishuka kufuata nafasi ya kulima na kuchungia: Kisongo, Monduli, Simanjiro, hadi Kiteto. Tanzanite ilipogunduliwa mwaka 1967, Mirerani ikavuta vijana wa kila ukoo, na baadhi yao hawakurudi wala hawakutajirika. Hao huona aibu kupiga simu, kwa hiyo wafuatwe wao. Elerai yenyewe, upande wa magharibi wa jiji, imejaa watu waliokuja kwa njia zao. Ukoo unaouandalia mkutano unaweza kuwa wa Warangi kutoka Kondoa au Wapare kutoka Same, na yanayofuata yatawafaa vilevile ukibadilisha majina ya mahali.

Usitegemee jina la mwisho. Wageni hudhani kila Mollel ni ndugu wa kila Mollel, na Laizer vivyo hivyo. Ni kweli kiukoo, lakini ukoo huo ni mkubwa kuliko turubai yako. Kwa Wameru ukitafuta Kaaya, Mbise, Pallangyo au Nnko kwenye Facebook utapata mafuriko. Upande wa pili wapo walioandikishwa shule kwa jina la babu, kwa hiyo ndugu wa baba mmoja wanaweza kuwa na majina mawili tofauti ya mwisho, na aliyekwenda nje akaingia na jina lililokuwa kwenye paspoti, watoto wake wakalirithi. Tafuta kwa vitu vitatu kwa pamoja: jina la babu, mahali boma lilipokuwa, na jina la bibi. Hilo la tatu ndilo linalosaidia kuliko yote. Babu mwenye wake wanne ana nyumba nne, na watu wa nyumba moja hujuana hata wakiwa mabara mawili. Ukimpata mmoja wa nyumba hiyo, amewaleta wote.

Kwa wazee wa Kiarusha, uliza rika. Mzee asiyejua mwaka aliozaliwa anajua bila kusita kama kaka yake alikuwa wa rika la Nyangusi na yeye ni Seuri, au yeye ni Makaa na mdogo wake Landisi. Hilo litakuonyesha nani ni baba mdogo na nani ni kaka, hata kama umri wao unakaribiana. Kwa tarehe nyingine tumia matukio ambayo kila mtu wa Arusha anayakumbuka alikuwa wapi: Azimio la Arusha la Februari 1967, vita vya Kagera, kifo cha Waziri Mkuu Sokoine Aprili 1984. "Mama mkubwa aliolewa kabla Sokoine hajafariki au baada?" Utapata jibu palepale, na pengine na rangi ya gauni.

Vitabu vya ubatizo navyo vina hazina. Wamisionari wa Leipzig walifungua Nkoaranga mwaka 1902 na Ilboru mwaka 1904, na sharika za zamani za Kilutheri zina madaftari yanayotaja mbatizwa na wazazi wake. Nenda na barua fupi, muone mchungaji au katibu wa usharika, usiende Jumapili. Jumapili iwe ya matangazo: mwombe mzee wa kanisa asome tangazo la mkutano wenu baada ya ibada, kwenye mitaa ile ambayo unajua mabinti wa ukoo waliolewa. Kwa ndugu Waislamu, msikitini baada ya sala ya Ijumaa kazi ni hiyo hiyo. Soko la Kilombero nalo usilidharau. Mama anayeshusha ndizi pale saa kumi na moja alfajiri anajua nani amehamia wapi huko mlimani kuliko kundi lolote la WhatsApp.

(Utani wa zamani ni kwamba mtu wa huku humtambua ndugu yake popote duniani akicheka, kwa yale meno ya kahawia yanayotokana na floridi nyingi kwenye maji ya mlimani. Watoto waliokulia kwenye maji ya chupa wameharibu njia hiyo.)

Mabinti walioolewa waalikwe kwa majina yao. Mara nyingi orodha ya ukoo huandikwa kufuata wanaume, na shangazi aliyeko Babati huonekana siku anapohitajika kupika. Mwalike yeye, mumewe na watoto wake, na umwambie kabisa kwamba mpishi amelipwa.

Tarehe na njia

Desemba ndiyo inayozoeleka na ina sababu: shule zimefungwa, kipaimara kimewakusanya watu, Krismasi ipo. Ubaya wake ni kwamba Wachaga wote wa Dar es Salaam wanapanda kuelekea Moshi wiki hiyo hiyo kwa barabara hiyo hiyo. Anayetoka Dar akate tiketi wiki kadhaa kabla, pale Mbezi, na aulizie ratiba ya treni ya abiria iliyorudi Arusha mwaka 2020 baada ya miaka mingi. Ni ya polepole, ila watoto huipenda. Vuli nayo inaweza kuwa haijaisha, na tope la Arusha ni la kuteleza kweli, kwa hiyo ukodi turubai lenye pembe imara na umwage kokoto njiani kwa ajili ya wazee. Juni na Julai hakuna mvua, lakini jiji liko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Wa Tanga na wa Muscat watatetemeka na utawakuta jikoni wakiota moto.

Kwa wanaotoka nje, waambie mapema mambo haya. Washukie Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro (KIA), kiasi cha kilomita 50 kutoka mjini, wasije wakajikatia tiketi ya uwanja wa Kisongo bila kujua ni wa ndege ndogo. Aliyechukua uraia wa Marekani amepoteza wa Tanzania, kwani sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na viwili, na kwa kawaida atalipia viza kama mgeni yeyote: dola 100 kwa paspoti ya Marekani, 50 kwa nyingine nyingi. Hili linawauma, na asiwepo wa kuwatania nalo mezani. Wa Nairobi wana njia rahisi, Namanga, na kutoka hapo ni kama kilomita 110 tu.

Kuhusu malazi nitasema ninachoamini, hata kama wengine hawatakubali. Anayetoka ng'ambo na kulala hotelini siku zote, akija mchana na kuondoka jioni na gari la kukodi, atahesabiwa mgeni. Hata kama godoro ni jembamba, alale nyumbani usiku mmoja, ule wa kuamkia mkutano. Yanayozungumzwa kati ya saa tatu usiku na saa sita, watu wakimenya ndizi, hayasemwi tena mbele ya spika.

Usiku huo ndio wa kuwarekodi wazee. Usingoje siku yenyewe, kutakuwa na muziki na kila mtu atataka picha. Mkalishe bibi karibu na jiko, mpe mjukuu mmoja anayejua Kimaa au Kimeru amuulize kwa lugha hiyo, mwingine ashike simu kimya. Maswali yawe ya kitu kinachoonekana: lango la boma lilitazama wapi, maji mlichota wapi, nani alikufundisha kukamua. Ukimuuliza "tuambie historia ya ukoo" atakupa hotuba aliyokwisha kuitoa kwenye harusi kumi.

Siku yenyewe

Salamu kwanza. Watoto waliozaliwa nje wafundishwe kabla hawajashuka kwenye gari kwamba kwa mzee wa Kiarusha mtoto huinamisha kichwa, aguswe utosini, ndipo mengine yafuate. Shikamoo nayo wasiikose. Mtoto wa Minnesota aliyeinamisha kichwa bila kuambiwa amemaliza nusu ya kazi ya wazazi wake. Nimemwona mzee akiuacha mkono juu ya kichwa cha mtoto wa namna hiyo muda mrefu kuliko desturi, akiuliza juu yake, "Huyu ni wa nani?" na watu watatu wakijibu kwa pamoja.

Swali hilo ndilo kazi ya siku nzima. Kila mtu aondoke akijua amwiteje kila mtu. Neno "anko" lipigwe marufuku hadi saa kumi jioni. Kaka wa baba ni baba mkubwa au baba mdogo, na watoto wake kwako ni kaka na dada, hata kama kwenye fomu za huko waliko wataandikwa vingine. Kaka wa mama ni mjomba na ana heshima yake peke yake. Chora ukoo kwenye karatasi za manila zilizounganishwa, uzibandike ukutani chini ya baraza ambako mvua haifiki, na uchore kwa nyumba: bibi wa kwanza na watoto wake, wa pili na wake, hivyo hivyo. Acha nafasi. Weka kalamu imefungwa kwa uzi. Utashangaa ni wangapi watasimama pale kuongeza mtoto aliyesahauliwa, na mwingine atamwongeza ambaye hakuna aliyejua yupo. Huyo akiongezwa, usiulize hadharani. Andika jina, muda wake utafika.

Utambulisho ufanywe nyumba kwa nyumba. Nyumba isimame yote, mkubwa wao aseme majina, na waliofariki tangu mlipokutana mara ya mwisho watajwe humo humo. Ikizidi dakika 10 kwa nyumba moja, mshereheshaji akohoe. Hotuba za wageni rasmi sizipendi kwenye mkutano wa ukoo. Diwani akija apewe soda na kiti kizuri. Mwenyekiti wa mtaa, hata hivyo, awe amejulishwa wiki moja kabla, kwa sababu ya kelele na magari yatakayoziba njia.

Mnyama achinjwe na Muislamu. Katika ukoo wowote wa Arusha leo kuna aliyeolewa au kuoa upande wa pili, na sufuria moja ambayo wote wanaila ni bora kuliko mbili. Wenye kunywa wawekewe meza yao upande wa nyuma, mbali na walokole, na hapo pande zote zitakuwa na amani. Kwa Wameru zingatia pia nani ataomba sala ya kufungua. Mgogoro wa dayosisi ya Kilutheri wa mwanzoni mwa miaka ya 1990 uliwagawa watu wa nyumba moja, na wapo ambao hawajakaa kanisa moja tangu wakati huo. Sala fupi ya mzee wa ukoo inatosha, msimwite mchungaji wa upande wowote kuhubiri.

Pawepo chakula cha nyumbani na kionekane: loshoro, ndizi nyama, mtori kwa wasio na meno. Pilau itakuwepo tu, haihitaji kutetewa. Loshoro iwekwe mbele ya meza, na awepo shangazi wa kumweleza mtoto kwamba ule uchachu ni wa maziwa mgando, mahindi hayajaharibika.

Zawadi ni mtego. Aliyetoka nje asigawe fulana na simu mbele ya watu, kwa kuwa atakayekosa atakumbuka kwa miaka. Alete kitu kimoja cha wote, na cha mzee apewe mzee ndani, mkononi, bila mpiga picha.

Watoto wasioongea lugha moja wapewe kazi pamoja: wawili wawili, mmoja wa hapa na mmoja wa nje, wakusanye majina kumi kutoka kwa wazee na kuyapeleka kwenye manila. Siku inayofuata, kama mfuko unaruhusu, wapelekwe Hifadhi ya Taifa ya Arusha waone flamingo wa Momella na kreta ya Ngurdoto. Mwenye kitambulisho cha NIDA asikisahau, kwani kiingilio cha raia na cha mgeni vinapishana mbali. Makaburi yatembelewe asubuhi kabla ya jua kali, na waende wale wanaotaka tu.

Baada ya turubai kushushwa

Kila nyumba ichague mtu mmoja wa kupigiwa simu, si lazima mkubwa. Awe tu anayepokea. Kundi la WhatsApp libaki na kazi tatu: msiba, ugonjwa, na mtoto aliyezaliwa. Video za maombi na siasa zina makundi yake. Picha ya manila ipigwe kabla haijashushwa, majina yaandikwe upya kwenye kompyuta, na nakala iliyochapwa ipelekwe kwa mkono kwa wazee wasio na simu janja. Ndani ya wiki wapigieni ambao hawakufika, mmoja mmoja, na asiwepo wa kuwauliza kwa nini.

Mhazini asome hesabu yote kabla ya watu kupanda mabasi, mbuzi na ndizi zikiwemo. Kikibaki kitu msikile kwa supu ya Jumatatu. Kiwekwe kuwa nauli ya wale wa Kiteto na Mirerani waliokosa kuja mwaka huu, na watajiwe hivyo kwenye simu ile ile.